Kamera Imevunjika, Sasa Tununue Ipi?

Mtakapofungua kurasa za toleo hili mtaona picha ni chache, na nyingi kati ya hizo ni za muhula wa kwanza. Sababu mwaijua. Kamera ya Chama cha Kiswahili ilianguka kwenye ngazi za maktaba mwezi wa Juni, siku ya mashindano ya kughani mashairi. Tangu siku hiyo ukiiwasha lenzi yatoka nusu, yakwaruza kama mlango wa kabati la maabara, kisha kioo chaandika kwamba lenzi ina hitilafu. Basi. Fundi mmoja hapa mjini Mombasa alitaka Sh. 4,500 aifungue, na hata hivyo hakuahidi kwamba itapona, maana vipuri vyake havipatikani ila kwa kuchinja kamera nyingine iliyokufa. Nasi tuliinunua mtumba kwa Sh. 5,000! Kwa hivyo suala la kuitengeneza liwekwe kando.

Linalobaki ni tununue ipi, na hapo ndipo wanachama walipogawanyika. Kuna wanaosema tusinunue chochote, tutumie simu ya mlezi wa chama. Kuna wanaotaka kamera mpya inayong'aa, ile iliyoandikwa megapikseli 48 kwenye boksi, ati ni Sh. 7,500 tu. Kuna wachache, nami nimo humo, wanaotaka kamera kubwa ya mtumba, ile ya kubadilisha lenzi. Hebu niruhusuni nieleze kwa nini.

Nianze na simu, kwa sababu wanaoitetea wana hoja. Sikatai kwamba simu nzuri ya leo yapiga picha safi kuliko kamera yetu iliyovunjika. Mchana, uwanjani, huwezi kutofautisha. Hata dunia nzima imekubali hivyo: mwaka wa 2010 viwanda vya kamera viliuza madukani kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, na kufikia mwaka wa 2020 hazikufika hata milioni 10. Watu wameshika simu. Lakini sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa, na sheria ya shule yetu hairuhusu mwanafunzi kuingia na simu langoni. Simu ya mlezi ni simu ya mlezi. Akiwa darasani akifundisha kidato cha nne, nani atapiga picha ya mdahalo? Akipigiwa na jamaa zake katikati ya mchezo wa kuigiza, tufanyeje? Na je, huyu mwalimu ni lazima abebe nyuso zetu zote mfukoni mwake hadi nyumbani?

Hili la nyuso si mzaha. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mwaka wa 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh. 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi. Picha ikiwa ndani ya simu ya mtu, kidole kimoja tu kikiteleza imeshafika kwa watu mia. Ikiwa kwenye kadi ya kamera ya chama, na kadi imefungiwa ndani ya droo ya ofisi, mtu atakayeitoa itabidi akusudie.

Tena kuna jambo ambalo naliandika kwa uzito. Mwaka jana tulimpoteza mwenzetu wa kidato cha pili. Baada ya arubaini mamake alikuja shuleni kuuliza kama kuna picha yoyote ya mwanawe, kwa kuwa nyumbani alikuwa na moja tu, ya utotoni. Mweka hazina wetu alikaa na ile kadi mchana kutwa na akazipata tatu. Katika moja kijana amesimama jukwaani akighani, mkono juu, mdomo wazi. Ndiyo iliyowekwa fremu. Picha hizo zilikuwa na miezi minane, na zilikuwepo kwa sababu kadi ile haikuwa mali ya mtu. Simu huuzwa, huibwa kwenye matatu, huanguka majini pale Likoni, na mwenyewe akanunua nyingine akasahau. Wale wanaosema chama cha lugha chataka kamera ya nini, wamwendee mama yule.

Haya, tuje kwa ile ya megapikseli 48. Jamani, nambari hizi zatuhadaa. Megapikseli moja ni nukta milioni moja za rangi. Kamera ya kwanza kabisa ya dijitali, aliyoiunda mhandisi Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu, ilikaribia kilo nne kwa uzito na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, tena picha yenyewe haina rangi. Tangu hapo watu wamehesabu nukta kama watoto wanaohesabu gololi. Lakini chukueni kalamu. Gazeti letu ni la ukubwa wa A4. Picha ikijaza ukurasa mzima, na mpiga chapa akataka nukta 300 kwa kila inchi, ni nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Zidisha. Ni kama milioni 8.7. Na lini tulijaza ukurasa mzima kwa picha moja? Labda jalada. Kwa hivyo kamera ya megapikseli 12 yatutosha, na hizo nyingine 36 ni za kupamba boksi. Tena nyingi kati ya kamera hizo za bei rahisi hazina nukta hizo kweli. Huona chache, kisha hukisia zilizobaki kama mtu anayejazia maneno ya wimbo asioujua.

Kinachotakiwa kutazamwa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ambacho mafundi hukiita sensa (si ile sensa ya kuhesabu watu!). Katika kamera ndogo za mfukoni kipande hicho mara nyingi ni kama milimita 6 kwa 4.5. Katika kamera kama Canon EOS 1100D ni kama milimita 22 kwa 15. Eneo lake ni zaidi ya mara kumi. Ni kama kukinga maji ya mvua kwa kikombe, na mwenzako amekinga kwa karai. Na mwajua ukumbi wetu ulivyo: taa mbili zimeungua, madirisha yako upande mmoja, na michezo huanza saa kumi jioni. Picha zote za mwaka jana za ukumbini zilitoka na chembechembe kama zimemwagiwa mchanga, au ukiwasha fleshi, mtu wa mbele mweupe kama mzimu na wa nyuma gizani. Shughuli zetu karibu zote ni za ukumbini. Kwangu mie, hoja hii peke yake ingetosha kumaliza ubishi.

Lakini ipo nyingine, nayo yahusu ule mwanguko. Kamera ndogo husukuma lenzi nje kwa mota na vijigurudumu vya meno vyembamba. Ikianguka ilhali imewashwa, meno hayo ndiyo huumia kwanza, na lenzi haitoki mwilini, kwa hivyo kamera yote imekwenda. Katika ile kubwa, lenzi ya kawaida ya 18-55 waizungusha kwa mkono, hakuna mota ya kuitoa nje. Ikivunjika waifungua, wanunua lenzi nyingine ya mtumba, na mwili wabaki ule ule. Shule za kutwa zajua maana ya kitu kinachotengenezeka. Pia ina tundu la kuchungulia, na mtu aliyewahi kupiga picha gwaride la saa sita mchana hapa Pwani ajua kwamba kwenye kioo cha nyuma hakuna unachokiona ila uso wako mwenyewe umekunja ndita.

Ubaya wake? Ni nzito, karibu nusu kilo kabla hujaweka lenzi. Betri yake si ya dukani kwa Mpemba, lazima chaja. Na kubwa zaidi, hapa kwetu hewa ina unyevu na chumvi, na ukungu huota ndani ya lenzi ukila kioo polepole. Hilo lazima tuliangalie wakati wa kununua: washa tochi, imulike lenzi kutoka nyuma, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, mrudishie mwenye duka kwa heshima. Zile za Nikon zina faida kwamba kila picha huandikiwa ndani yake idadi ya picha ambazo kamera imeshapiga. Nikon D3100, kwa mfano, ilijaribiwa kiwandani kwa mipigo 100,000. Ukiambiwa haijatumika sana na idadi yasema 92,000, utajua uko na mtu wa aina gani. Tukishanunua, tuiweke ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Havigharimu hata senti, ombeni tu madukani.

Sasa nifike kwenye kidonda. Chama kina Sh. 16,800, zilizotokana na kuuza picha kwa Sh. 30 moja na mahamri siku ya michezo. Kamera tuliyoiulizia, pamoja na lenzi, chaja na kadi, ni Sh. 21,000. Zapungua Sh. 4,200. Katika mkutano wa mwisho ilipendekezwa kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeanguka nayo azilipe, na tena kuanzia sasa kamera ishikwe na maofisa wa chama peke yao.

Napinga yote mawili. Mkanda wa kamera ile ulikatika mwaka jana, na haukununuliwa mwingine. Mtoto alipewa kamera isiyo na mkanda, mkononi alikuwa na daftari la alama, akaambiwa, "Kimbia, majaji wanaingia!" Akakimbia. Ngazi zilikuwa zimepigwa deki. Hebu niambieni, ofisa gani angeshuka pale bila kuteleza? Mamake huuza viazi karai kando ya barabara, na Sh. 4,200 kwake si pesa za mchezo. Tangu Juni kijana huyo hajahudhuria mkutano hata mmoja, na mlezi atashuhudia kwamba alikuwa na jicho. Ile picha ya ukurasa wa kati, ya wasichana wawili wakicheka chini ya mwarobaini, ni yake.

Na hilo la maofisa peke yao ni kuua chama taratibu. Maofisa ni wanne, na watatu wao watafanya mtihani na kuondoka. Atakayebaki amefundishwa na nani? Kamera kubwa yataka kufunzwa: mwanga, kasi, jinsi ya kushika kiwiko kifuani usitikisike. Wa kidato cha kwanza waanze nayo mapema wangali na miaka mbele yao. Kinachohitajika ni mkanda madhubuti uvaliwe shingoni kabla mtu hajaguswa bega na kupewa kazi, na daftari la kuandika nani ameichukua saa ngapi na kuirudisha saa ngapi. Mkanda huuzwa kwa shilingi mia chache.

Tuko wanachama 42. Gawanyeni Sh. 4,200 muone. Ni shilingi mia kwa kila kichwa, na asiye nazo muhula huu anaweza kutoa hamsini mara mbili, au kukaanga mahamri. Nimeacha karatasi ya majina kwa mweka hazina, kidato cha tatu Mashariki, dawati la kwanza karibu na dirisha. Kufikia ninapoandika haya ina majina kumi na tisa.