Ujira wa Seremala Si Sadaka

Kila mwaka, tarehe 1 Mei, twamsherehekea Mtakatifu Yozefu Mfanyakazi. Papa Pio XII ndiye aliyeiweka sikukuu hiyo mwaka 1955. Twaimba, twapiga vigelegele, twaisifu mikono iliyomlisha Mwana wa Mungu. Kesho yake Mkristu yule yule aliyeimba kwa sauti kuu aingia katika karakana ya seremala hapa Kibumba, auliza bei ya mlango, kisha apiga kelele: “Nini! Mbao ni zile zile za sokoni, na mikono ni ya bure!”

Ndugu wasomaji, neno hilo la mikono ya bure ndilo nitakalo kulipinga.

Vita vilivyowafukuza watu wa Kibumba mwaka 2022, wakakimbilia Kanyaruchinya, viliacha nyumba nyingi zimeharibika. Wengi waliporudi mwaka 2025, walianza kutafuta milango. Kwetu baridi ni kali, na ukungu hushuka mapema. Asiye na mlango hapati usingizi. Basi seremala ana kazi tele, na hata hivyo watoto wake hawana viatu. Kwa nini? Kwa sababu bei hukatwa kwa macho, si kwa hesabu.

Tufanye hesabu hiyo, kwa mfano tu. Tuseme mbao za mlango mmoja ni dola 20. Misumari, bawaba, kufuli na kola, dola 9. Kazi ni siku tatu: fundi dola 5 kwa siku, mwanafunzi wake dola 2; jumla 21. Tuongeze dola 3 za misumeno na vyuma vya randa, maana vyuma navyo huisha kama sabuni. Tumefika 53. Mnunuzi asema: “Nakupa 30, sisi ni ndugu.” Toa 29 za vitu vilivyonunuliwa, imebaki dola 1. Watu wawili wametoka jasho siku tatu kwa dola 1, na msumeno haukupata kitu. Ndugu huyo amekula chakula cha kijana anayejifunza kazi, kwani fundi akikosa, wa kwanza kunyimwa ni mwanafunzi.

Na huo ni mlango wa mbao wazi tu. Wengine wapenda mbao za urembo, zile nyembamba zenye mifuo, za kuzungushia mlango na dirisha au kupambia dari. Hapo ndipo ugomvi huwaka. Mwenye nyumba aona ubao mwembamba, asema mti wake ni kidogo, na bei iwe kidogo. Haoni kwamba kabla ya mita ya kwanza fundi amekaa na tupa, akikichonga chuma cha randa kipate umbo la mfuo uliotakiwa. Amejaribu juu ya kipande kimoja, kimepasuka. Amejaribu cha pili. Kazi hiyo ni ile ile, uagize mita 2 au mita 40. Kwa hiyo mwenye kuagiza kidogo atalipa zaidi kwa kila mita, wala hajaibiwa. Tena ubao lazima uwe umekauka. Mkaratusi mbichi ukipigwa mfuo leo, juma lijalo umejipinda kama nyoka. Kukausha ni kungoja, na mbao zinazongoja ni fedha iliyolala.

Wala mlango si shati la dukani. Umepimwa kwa nafasi moja ya nyumba moja. Mwenye kuuagiza akiukataa, nani mwingine ataununua? Fundi anayeomba avansi ya kutosha mbao zote hana tamaa, ana akili.

Wengine hujibu: “Lakini mwenyewe alikubali.” Jibu hilo Papa Leo XIII alilikataa tangu mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum. Mtu anayekubali ujira mbaya kwa kuwa shida yamsukuma, huyo ameonewa, hata kama alitikisa kichwa.

Lakini mafundi nao wasicheke. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana haja kubwa. Basi fundi anayemtazama mjane aliyetoka kambini, au mgeni mwenye gari kutoka Goma, akataja bei kwa kufuata uso wake, ametenda dhambi ile ile kwa kupitia mlango wa nyuma. Akitaka kumsaidia mjane, aseme wazi: bei ni 53, nakusamehe 10. Hiyo ndiyo sadaka, na mwenye haki ya kuitoa ni fundi, si mnunuzi.

Bei ya kubanwa yazaa pia wizi mwingine. Fundi asiyelipwa hutafuta mbao za usiku, zilizokatwa katika Hifadhi ya Virunga, inayolindwa na sheria tangu 1925. Kisha mnunuzi ajisifu kwamba amepata mlango rahisi!

Na sisi wa kanisa tusijifiche. Kamati ikiagiza mabenchi, ilipe siku yanapoingia kanisani, si Pasaka ya pili.

Kabla randa haijagusa ubao, iandikwe karatasi: vipimo, aina ya mti, bei ya vitu, siku za kazi, avansi, na siku ya kumaliza. Nakala mbili, moja kwa kila mtu. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, na shahidi huyo asiwe shemeji wa fundi.