Kuvu kwa kuvu

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee juu ya mahindi.

Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo hutolewa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, inayoishi udongoni na kupenda joto na ukame. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo inavyopata nafasi.

Kinga ipo, na inatoka udongoni humo humo. Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015, ni mtama uliopakwa aina nne za kuvu hiyo hiyo, za hapa kwetu, ambazo hazitoi sumu. Mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Zisizo na sumu zikiwahi nafasi, zenye sumu hukosa pa kukaa. Ni kama mlango wa mtandao kwenye kompyuta: programu moja ikishaushika, nyingine haiingii. Na kwa kuwa zote ni jamii moja, joto linalomfaa adui linamfaa rafiki pia.

Tatizo ni soko. Aflatoksini haionekani kwa macho, kwa hivyo mahindi safi na yenye sumu huuzwa bei moja. Mkulima agharamike kwa nini? Maoni yangu: serikali iweke ruzuku kwa Aflasafe kama ilivyofanya kwa mbolea, na wanunuzi wapime mahindi, walipe zaidi kwa yaliyo safi. Kiwanda tunacho, Katumani, Machakos. Wewe waonaje?