Mchezo wa Kuchagua Wachezaji: Tulikosa Wapi?

Sisi makapita wa mwaka wa mwisho tumesikia kwamba vijana wanataka kuanzisha tena ule mchezo wa kuchagua wachezaji kwenye kaye na kuhesabu magoli yao. Hatuwakatazi. Lakini tulikuwa ndani ya ule wa 2024, wakati wa Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, na tuliuharibu sisi wenyewe.

Tulikuwa watu 12. Makundi yalipokwisha, timu 16 zikabaki, kila mtu akachagua wachezaji 5. Aliyechukuliwa na mmoja, mwingine hamgusi. Goli 1, alama 1. Tukafikiri inatosha.

Kwanza tulichagua kwa kuangalia nyuma. Emilio Nsue wa Guinea ya Ikweta alikuwa na magoli 5 katika makundi, basi watu nusura wapigane kwa ajili yake. Kumbe mtoano haiko kama makundi. Ukipigwa mara moja unafunga mizigo. Tarehe 28 Januari Guinea iliwapiga 1-0, Nsue akakosa hata penalti, na aliyemchukua akabaki na jina tupu. Mwingine alishika Mohamed Salah, ambaye alikwisha kuumia kwenye mchezo na Ghana. Akaomba kubadilisha, tukamjibu hapana, kwa sababu hakuna aliyeandika sheria ya mgonjwa. Mjue hivi: katika timu 16, timu 8 zinacheza mara moja tu halafu nyumbani.

Na zamu ya kuchagua? Wakubwa mbele, kila mzunguko, na mdogo mmoja wa darasa la saba nyuma kila mara. Ingefaa wa mwisho aanze mzunguko wa pili. Yeye alipata masazo, na ndani ya masazo alikuwamo Sébastien Haller. Nani angemtaka? Alikuwa anatoka katika maumivu, na timu yake ilikuwa imepigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, ikapita kwa shida kama ya tatu ya kundi. Lakini Haller ndiye aliyefunga goli moja lililotoa Leopards wetu tarehe 7 Februari, na tena goli la ushindi katika fainali na Nigeria, 2-1. Usiku ule wa tarehe 7 wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono wakati wa wimbo wa taifa, kwa ajili ya watu wanaouawa huku kwetu Mashariki. Yule mdogo alihuzunika pamoja nasi karibu na radio. Hakuonyesha karatasi yake.

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Leopards walitoa Misri kwa penalti 8-7 baada ya 1-1, na ile ya mwisho ilipigwa na golikipa wetu Lionel Mpasi. Mmoja wetu alikuwa amemchagua Mpasi. "Goli njo goli!" tukapiga kelele. Lakini kila mwenye kujua mpira anajua kwamba penalti za namna ile ni za kutafuta nani apite tu, hazihesabiwe kuwa magoli ya mchezo. Wengine wakauliza, mbona penalti zingine za usiku ule hamzihesabu? Tukajibu: ile ya mwisho tu. Sheria ya wapi hiyo? Ni sisi tulioshika kaye, na ni sisi tuliokuwa tunacheza. Kaye ingepaswa kukaa kwa mtu asiyecheza, na sheria zote ziandikwe mbele ya mchezo wa kwanza.

Mwishoni mwenzetu alimpita yule mdogo kwa alama ile 1, akachukua feza. Kila mtu alikuwa ametoa franka 500, jumla 6000. Wengine watasema 500 ni kitu gani. Kwa yule mtoto ilikuwa feza ya sabuni. Na bila ile 6000, nani angeng'ang'ania penalti ya Mpasi? Msiweke feza, hata kidogo. Hiyo ni kamari, hata mkiiita mchezo.

Juma lililopita tulichanga 6000 tukampelekea. Akachukua 500 yake tu, akasema zingine turudishie wenyewe, halafu akaomba kitu kimoja: tuandike katika gazeti hili kwamba alishinda.

Alishinda.