Maradhi ya Mapigo ya Moyo: Uamuzi Usifanywe kwa Pupa

Hutokea mara kwa mara visiwani petu mgonjwa ambaye moyo wake huenda mbio bila ya sababu kuambiwa na jamaa zake kwamba dawa ni moja tu: avuke bahari akaunguzwe moyo. Hapo shamba la mikarafuu hutafutiwa mnunuzi na michango huanza kupitishwa, hali aina ya maradhi bado haijajulikana.

Matibabu hayo si uzushi. Daktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinena hadi moyoni, akakiunguza kijisehemu kinachovuruga umeme wa moyo. Lakini maradhi ya mapigo si ya namna moja. Yako yanayoanza ghafla na kukoma ghafla kwa sababu ya njia ya ziada ya umeme. Katika hayo, zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 hupona. Yako pia yale ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetema ovyo. Haya huweza kurejea, na baadhi ya wagonjwa hulazimika kuunguzwa tena.

Utafiti wa kimataifa uliotangazwa mwaka 2019, uliohusu wagonjwa 2,204 wa mtetemo huo, ulionyesha kwamba waliounguzwa walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliotibiwa kwa dawa, lakini haukuthibitisha kwamba waliepukana zaidi na kifo au kiharusi. Aidha, wachache hupatwa na madhara makubwa, kama vile damu kuvuja kuuzunguka moyo. Kwa hiyo anayeunguzwa hununua nafuu. Asidhani amenunua kinga. Mwenye hatari ya kiharusi hana budi kuendelea na dawa ya kuzuia damu isigande, hata akijiona mzima.

Tena wako wenzetu ambao mtetemo wao umetokana na homa ya rumatiki ya utotoni iliyoharibu valvu za moyo. Kwa hao, valvu ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Utafiti wa mwaka 2022 ulithibitisha kwamba warfarini, dawa ya zamani, iliwafaa kuliko dawa mpya iliyolinganishwa nayo. Lakini warfarini hutaka damu ipimwe mara kwa mara: ikizidi, mtu hutoka damu, ikipungua, kiharusi humvizia.

Hapa ndipo wajibu wa Serikali ulipo. Kipimo cha ECG, na mtu ajuaye kukisoma, vipatikane karibu na mwananchi, Unguja na Pemba. Kipimo cha damu cha warfarini kisimgharimu mgonjwa nauli ya boti. Tangu mwaka 2015 Taifa lina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam; ushauri wa mabingwa wake utafutwe kabla ya kufikiria safari ya mbali.

Mgonjwa naye ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kilicho wazi: maradhi yangu ni ya aina gani, tumaini ni kiasi gani, hatari ni ipi, na nikibaki na dawa itakuwaje? Akishajibiwa, uamuzi ni wake, si wa jamaa wala wa jirani. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuza shamba kabla ya kuuliza.