IA gani ya kuandikia? Maoni yetu kwa vijana wa Lubumbashi



Swali moja linazunguka sana mu makundi yetu ya WhatsApp: kwa kuandika, IA gani njo ya nguvu? ChatGPT? Gemini? Claude? DeepSeek ya Wachina? Le Chat ya Wafaransa? Kila muntu anatetea yake sawa vile watu wanatetea Mazembe na Lupopo. Sisi tunaandika karibu kila juma: barua kwa bourgmestre, matangazo, maneno ya kusoma ku redio. Basi tunatoa maoni yetu, na tunajua haitapendeza wote.

Kwa Kifaransa, zote zinaandika vizuri. Ipatie yoyote mistari kumi ya malalamiko, itakurudishia barua yenye heshima zote, hakuna kosa. Kijana wa Ruashi mwenye aliacha masomo njiani anaweza leo kuandikia gavana bila kulipa muntu wa kumutengenezea barua. Hiyo haiko kintu kidogo. Tangu wakati wa Elisabethville, Kifaransa ni mulango wa ofisi, na ufunguo walikuwa nao wachache. Mwenye kusema tuache IA kabisa, aende kwanza kumuelezea huyo kijana. Tofauti kati ya IA moja na ingine kwa Kifaransa ni ndogo, na inageuka kila mara wanatoa ya mupya, kwa hiyo hatupotezi wakati hapo.

Shida inaanza ukifika ku Kiswahili.

Tulichukua maneno ya tangazo moja juu ya maji, sawa vile tungeyasoma mbele ya bamama wa Katuba: « Bamama banaamuka usiku kati kwenda kutafuta maji, batoto banaenda ku masomo bila kunawa, na facture inakuya paka kila mwezi. » Tukaipatia IA tatu, tukaziomba zinyooshe maneno bila kugeuza Kiswahili chetu. Zote tatu zilirudisha karibu kintu kimoja: mamlaka husika, upatikanaji wa huduma ya maji safi na salama, changamoto zinazowakabili akina mama. Facture ikawa « ankara ». Muulize mama mwenye kuuzisha samaki ku soko ya Kenya kama ankara ni nini! Na hapo hapo, IA moja ilifikiri ni Kenya ya Nairobi, ikaanza kuhesabu mu shilingi. Kenya yetu ni commune, iko jirani ya Kamalondo, na kule wanalipa na franga.

Hatuna ubaya na Kiswahili cha Dar es Salaam. Ni kizuri, tunakisoma, na siku tunaandikia wenzetu wa Tanzania tutakitumia. Lakini tangazo la maji haliandikiwi Dar. Mama akisikia « upatikanaji », anajua mara moja ni serkali inaongea, na yeye anakaa kimya sawa vile amezoea kukaa kimya mbele ya serkali. Hapo IA imetupokonya kintu: ilichukua sauti ya mwenye kulalamika, ikamuvalisha koti ya mwenye kulalamikiwa.

Sababu inajulikana. Mashini hizi zinajifunza kwa kusoma maandiko mengi sana, na Kiswahili chenye kuandikwa ku intaneti kinatoka zaidi Tanzania na Kenya. Chetu kinaishi mu midomo, ku redio, mu ma voko ya WhatsApp, mu michezo ya kundi la Mufwankolo yenye wazazi wetu walikuwa wanacheka nayo. Mashini haikusikia hayo yote. Kuna wenye kusema Kiswahili chetu hakiandikwi. Ni uongo. Mu mwaka wa 1965, André Yav aliandika historia ya muji huu, « Vocabulaire de la ville de Elisabethville », kwa jina la wafanyakazi wa zamani wa nyumba za Wazungu, kwa Kiswahili chao, bila kungojea muntu wa kumufundisha sheria za kuandika. Mwalimu Johannes Fabian aliichapisha tena mu 1990, na leo wanafunzi wa ngambo wanaisoma. Maboyi waliweza na mashini ya taipu. Sisi wenye telefone, tunaomba ruhusa kwa nani?

Tuje sasa ku jambo lenye linatutia woga zaidi: sheria.

Tuliuliza IA tatu hizo hizo swali lenye kila kijana wa Katanga angepashwa kujua jibu lake: redevance ya madini inagawanywa namna gani? Moja ilijibu serkali kuu 60 kwa mia, jimbo 25, na muji ao eneo kwenye wanachimba 15. Hiyo ni Code minier ya 2002. Code hiyo ilirekebishwa na sheria ya tarehe 9 Machi 2018: serkali kuu 50, jimbo 25, eneo 15, na 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Ya pili ilijibu sawa. Ya tatu ilijibu sawa, lakini ikaongeza nambari ya article yenye haihusu redevance kabisa. Na zote tatu ziliongea na uhakika ule ule, sawa mwalimu wa zamani. Ukipeleka barua yenye ile hesabu ya 2002 ku kampuni ya madini, avoka wao atacheka, na malalamiko yako ya kweli yataenda ku takataka pamoja na karatasi.

Haiko shida ya Congo peke yake. Mu 2023, kule New York, mahakama ilitoza mabwana wawili wa sheria na ofisi yao amende ya dola 5 000 juu walipeleka hukumu zenye ChatGPT ilitunga. Wale walilipa dola. Huku kwetu, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, article 360, inasema mwenye kuanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya muntu ku intaneti anaweza kufungwa mwezi mmoja mpaka sita. Hakuna IA itaitwa mbele ya parquet. Ataitwa mwenye kusahihisha chini ya barua.

Njo maana mu kundi letu hakuna nambari ya article inaingia mu barua kama muntu mwenye macho hajaisoma mu Journal officiel. Hata kama IA tatu zimekubaliana. Hata kama ni article 26 ya Katiba yenye sote tunaijua kwa moyo, ile ya kujulisha wakubwa kwa maandiko mbele ya kuandamana.

IA tunaipatia kazi gani basi? Kufupisha karatasi ndefu. Kutafuta makosa ya Kifaransa. Na kazi moja yenye tunaipenda sana: tunaiambia, « Wewe ni bourgmestre, hutaki kutupatia jibu, tafuta sababu zote za kukataa barua hii. » Hapo zinakuwa na akili kabisa, na barua inatoka na nguvu. Kwa kazi hiyo ile ya bure inatosha. Dola 20 kwa mwezi zenye ChatGPT na Claude wanaomba kwa moja ya zile za kulipa, kwetu ni mufuko wa bunga na zaidi. Tangazo la Kiswahili tunaliandika wenyewe, tunalisoma kwa sauti mbele ya muntu mumoja wa mutaa, na kama hakusikia neno, linatoka.

Tunamaliza na majina. Tumeona wenzetu wakiweka mu IA orodha ya waliokamatwa, na telefone za familia, ili « itengeneze tableau ». Musifanye vile! Yenye unaandika mule inaenda ku mashini ya kampuni ya mbali. DeepSeek wenyewe wameandika wanaiweka kwa China. Mu Mai 2025, mahakama ya Marekani iliamuru OpenAI ilinde mazungumuzo ya watumiaji, hata yale yenye walifuta. Orodha ya waliokamatwa inaandikwa na biki ku karatasi, inalindwa na muntu mumoja mwenye tunamujua, na avoka anaipokea mukononi.