Delege wa home si mkusanya michango tu



Wakati nilikuwa naishi home, jirani wa chumba cha tatu alilala na malaria siku ine. Delege wa etaji yetu aligonga mlango wake mara mbili: alikuwa anatafuta mchango. Hakujua kama ndani kuko mgonjwa. Tulimubeba usiku kwa pikipiki, akapona, Mungu asifiwe. Yule delege hakuwa mtu mubaya. Hakuna mtu alimufundisha kazi yake.

Ndiyo shida yetu. Tunachagua delege juu anajua kusema kwa nguvu, juu ni mtu wa kwetu, ama juu kuko mwanasiasa alimupa pesa ya kampeni. Kisha uchaguzi anabaki na cheo bila ujuzi. Unakuta chumba cha watu wawili wanalala sita, na wale maquisards hawaandikwi popote. Nani anajua majina yao?

Mukumbuke Januari 2020. Kule Unikin, kisha maandamano juu ya bei ya masomo kupanda, serikali iliamuru wanafunzi watoke kwenye home. Mtoto aliyetoka Kananga ama Goma, bila ndugu Kinshasa, alale wapi? Siku kama ile, delege mwenye liste ya watu wake anaweza kusaidia. Mwenye sauti tu, hapana.

Tunaomba jambo moja: mbele ya kuanza kazi, kila delege wa home afundishwe. Huduma ya kwanza. Namna ya kusikiliza mwenzake aliyekata tamaa bila kumucheka wala kupeleka habari yake mbali. Namna ya kuandika kila franka ya mchango na kuibandika ukutani. Na hii asisahau: mtu aliyebakwa anapaswa kufika hospitali mbele ya saa 72 kupita, ili apewe dawa ya kuzuia UKIMWI. Delege asiyejua hiyo atapoteza muda kuita mikutano na kupatanisha familia, na muda ule haurudi.

Watauliza pesa itatoka wapi. Vyuo vyetu vikubwa viko na kitivo cha udaktari, cha saikolojia, cha sheria. Walimu wako pale pale, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho pia. Jumamosi mbili zinatosha kuanza.

Wengine watasema tunataka wanafunzi wafanye kazi ya serikali. Hapana. Maji, umeme, vitanda, ile ni deni ya serikali na tutaendelea kuidai. Lakini malaria haingoje bajeti.

Wewe unayetaka kuchaguliwa mwaka huu, usituambie utasema nini kwa rekta. Tuambie kwanza: nani analala bila kula kwenye etaji yako?