Skana ya baba mdogo

MWAKA jana nilisafiri kwa treni huko Marekani na baba mdogo na mkewe, ambao wanaishi huko. Mama mdogo ana kisukari, huchoma insulini kabla ya kula. Baba mdogo naye ana ugonjwa wake: skana, kiredio cha mkononi kinachonasa mazungumzo ya dereva, kondakta na waongoza treni, kwenye masafa ya megahezi 160 na 161. Unasikiliza tu, huwezi kujibu.

Zikiwa zimebaki dakika chache kufika tulikoalikwa chakula, mama mdogo akachoma sindano kabisa. (Insulini ya chakula ichomwe sahani ikiwa mbele yako, lakini nani amwambie?) Treni ikasimama porini. Hakuna tangazo lolote.

"Tunapisha treni mbili za mizigo," akasema baba mdogo, kisikilizio kikiwa sikioni. "Reli ni moja. Mama Salma, usisubiri, kula sasa hivi."

Tayari alikuwa anatoka jasho, mikono inatetemeka. Sukari ilikuwa inashuka. Tukampa juisi kwanza, kisha biskuti. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima.

Tulipoondoka, baba mdogo akanipa kisikilizio. Mashine iliyo kando ya reli ilikuwa inatangaza kwa sauti ya kurekodiwa idadi ya ekseli zilizopita, na kwamba hakuna kasoro.

Siku hizi mama mdogo ndiye anayeuliza kama skana ina chaji.